Mahari ya Mita na Keekee

Dhuluma yenyewe ni hii. Boga Tsuma, seremala wa Msambweni, alichukua mahari ya binti yake akayafanya mali yake, na siku mahari hayo yalipotakiwa yarudi ili binti apate kuachika, alificha kitu kimoja akaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuficha. Binti yuko kifungoni mpaka leo kwa ajili ya kitu hicho. Watu wa Msambweni husema ni kudra. Mwanatumu, mkewe Boga na mama wa binti huyo, haiiti kudra. Kudra haina mikono ya kufunga gunia.

Mwanatumu alipoolewa, kabla ya vita vya Hitla, watu walimwambia ana bahati. Boga alikuwa na mkono. Mlango aliouchonga yeye haukuvimba masika wala haukulegea kaskazi, na vitanda vyake vya kamba vilibebwa mpaka Vanga, na wenye navyo walijisifu. Kazi yote aliifanya kwa randa, patasi na keekee ya uta, ile ya kutobolea mbao inayovutwa mbele na nyuma kama mtu anayepekecha moto. Mwanatumu alikuwa akimpelekea uji karakanani, akikaa kidogo kwenye maranda akimtazama bila kusema naye. Mume anayeijua kazi yake hutazamika.

Wakati wa vita Boga alichukuliwa Mombasa kwenye karakana ya jeshi, si kwa ufundi wake, bali kwa kushika mbao huku Mgoa mmoja akizitoboa. Huko ndiko alikoiona keekee ya stima. Habari hiyo aliirudia mara nyingi mpaka Mwanatumu akaweza kuisimulia usingizini: kwamba Mgoa alikamata kitu mfano wa bastola nene, akabana kidole, kikanguruma, kikazama ndani ya mvule kama kijiko ndani ya uji. Tundu ambalo Boga angelitolea jasho lilikwisha kabla hajameza mate.

Vita vilipokwisha alirudi na koti la kijeshi na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na keekee ya stima iliyokatika waya, iliyotupwa na jeshi. Mwanatumu akauliza itawashwa na nini. Msambweni ya siku hizo, ukitoa injini za wakubwa, kila nyumba ilikuwa na koroboi yake na moshi wake. Boga akasema stima itakuja.

Stima haikuja, lakini vyuma vilikuja. Kulikuja msumeno wa stima wenye meno ya duara, kisha randa ya stima nzito kama mtoto wa kubebwa, kisha mashine ya kunolea isiyo na jiwe. Alivipata kwenye ghala za jeshi zilizokuwa zikifungwa, na kwa wauza vyuma chakavu wa mjini. Vyote vilikuwa vimekufa. Alivipangusa kwa mafuta ya taa, akavifunua matumbo, akavifunga tena, na vikabaki vimekufa vile vile, ila vinang'aa.

Kisha zikaja mita, na mita ndizo zilizommaliza. Ni visanduku vyeusi vyenye kioo usoni, vile vinavyotundikwa ukutani kwenye nyumba za mjini ili kuhesabu stima iliyotumika. Ndani mna kisahani chembamba kinachozunguka, na juu yake nambari ndogo ndogo. Mita ikishang'olewa, nambari husimama pale pale zilipofikia. Boga aliweza kukaa na mita moja mapajani tangu sala ya adhuhuri hadi alasiri, akiitazama na kumweleza Mwanatumu nyumba ilikotoka: hii ilikuwa ya watu wengi wanaolala wamechelewa, hii ilikuwa ya mzee mmoja, taa moja, mtu wa kubana matumizi, hii, tazama, iling'olewa ghafula, pengine kulikuwa na msiba. Mwanatumu mwanzoni alipenda kusikiliza. Baadaye alitambua kwamba mumewe aliwajua watu wa ndani ya mita kuliko aliowazaa.

Vijana wa barazani walimwita Bwana Mita. Siku moja alipita na kisanduku kipya kwapani, mmoja akamuuliza mita hizi zinahesabu nini na stima yenyewe hakuna.

"Zinahesabu subira ya mkewe," akajibu mwenziwe. "Ikijaa, atakatiwa."

Walicheka, na Boga akacheka nao akaenda zake. Mwanatumu alisimuliwa na akina mama kisimani, naye akacheka kwa mdomo. Moyoni hakuwa akicheka tena. Wenye kuagiza vitanda walikuwa wakirudi mikono mitupu. Boga alichonga mlango akaubadilisha kwa mita. Akatengeneza kabati, akalibadilisha kwa msumeno uliovunjika. Kasha la misumari ya shaba alilorithi Mwanatumu kwa mama yake lilitoka nyumbani siku aliyokwenda mazikoni Kinondo, na aliporudi akakuta mahali pake pana mashine ya kunolea. Makuti ya paa lao yaliota kuvu na mvua ikawaangukia kitandani, lakini chumba cha vyuma, alichokiongeza Boga ubavuni mwa nyumba, kiliezekwa kwa bati, nacho kilikuwa na mlango bora kuliko wote aliopata kuuchonga.

Walikuwa na mtoto mmoja aliyeishi, Asiya. Alikuwa msichana wa maneno machache na kicheko cha karibu, na alimpenda babake. Alimsaidia kupangusa mita zake. Mwanatumu alipogomba, Asiya alikuwa akisema, "Mwache, mama. Wengine hunywa tembo."

Mwaka wa hamsini na tatu akaja Sefu. Alikuwa mtunza ghala kwa mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu Mombasa, akiishi chumba cha kupanga Likoni, mwanamume wa umri wa kutosha, kanzu safi, viatu vya ngozi. Boga alikuwa akienda ghalani kwake kutazama tu, kama mtoto aendavyo kusimama mlangoni pa muuza halwa. Sefu alimwona, akamsoma. Akaja Msambweni kumtembelea na mita moja kama zawadi. Asiya ndiye aliyemletea kahawa. Safari ya pili alileta mita mbili, na hakuuliza habari za Boga. Aliuliza habari za binti.

Mwanatumu hakumpenda. Hakuwa na sababu ya kusema mbele za watu, ila aliona jinsi Sefu alivyokuwa akifunga sanduku lake kwa kufuli hata akiwa ndani ya nyumba ya wenyeji wake, na ufunguo akautia mfukoni, kisha akaupapasa. Alimwambia Boga. Boga akasema mtunza ghala lazima awe na funguo.

Safari ya tatu Sefu alileta keekee ya stima. Haikuwa maiti kama zile nyingine. Waya wake ulikuwa mzima, na kwenye mpini mlikuwa na alama ya kuungua, upana wa kidole gumba. Sefu akamwambia Boga akaijaribu popote penye stima, na akiipenda, wazungumze.

Basi walikwenda Diani, Boga, Mwanatumu na Asiya, kwenye hoteli moja ya Wazungu ambako Thoya, rafiki wa Boga tangu Mombasa, alikuwa akiangalia injini ya stima. Asiya ndiye aliyeibeba keekee, kichwani, imefungwa kwenye kanga. Alibeba mahari yake mwenyewe wala hakujua. Thoya aliwapitisha nyuma wakati wageni wamelala mchana, akawaambia wasiguse kitu, akaunganisha waya.

Boga alibana kidole. Keekee ikanguruma, ikaimba. Akaiweka juu ya ubao, ikazama. Akatoboa tundu la pili, na la tatu, na jingine, mpaka ubao ukawa kama chekecheke na Thoya akalazimika kuikata stima kwa mkono wake. Machozi yalikuwa yakimtiririka Boga mpaka ndevuni.

"Baba, leo umekuwa mtoto," Asiya akasema huku akicheka.

"Hii iko hai, mwanangu," Boga akasema. "Zote nilizo nazo ni maiti. Hii iko hai."

Mwanatumu alimwonea huruma siku ile. Aliona miaka yote mumewe alikuwa na njaa, na leo ameonja. Huruma hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo usiku Boga aliposema amekubali kumwoza Asiya kwa Sefu, na huruma hiyo Mwanatumu anaijutia kuliko hasira zote alizowahi kuwa nazo.

Mahari yalikuwa mita kumi na mbili na keekee moja. Mselem, kakake Mwanatumu, mjomba wa binti, alitoka Kinondo kwa miguu alipopata habari. Katika watu wale mjomba si mgeni. Neno lake lina kiti.

"Boga, mahari ni ya mwanamke," Mselem alimwambia. "Huvaliwa, huliwa au hupandwa. Huyu mtoto atakivaa kipi katika hivi?"

"Nitamtunzia. Ni amana."

"Utamtunzia, au utajitunzia?"

Boga alisema Mselem ana wivu kwa kuwa hajui kitu cha maana akikiona. Mselem akamgeukia Asiya, akamuuliza kama anamtaka Sefu. Asiya alimtazama babake, akasema atakalo baba. Ndoa ikafungwa. Imamu alipotaja mahari mbele ya mashahidi, mita kumi na mbili za stima na keekee moja ya stima, kuna mtu nyuma aliyekohoa kuzuia kicheko.

Asiya alikwenda Likoni. Mwaka wa kwanza alikuja nyumbani Idi mbili, kila mara na mumewe, na kila mara waliondoka kabla chakula hakijapoa. Mwaka wa pili hakuja. Mwanatumu alikwenda mwenyewe, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli kwa nje, na sauti ya bintiye ndani ikimwambia subiri, mama, Sefu atarudi jioni na ufunguo. Walizungumza dirishani kama watu wa kituo cha polisi. Jirani, mama mmoja aitwaye Biasha, alisema huwa hivyo kila siku. Yeye ndiye anayempitishia maji.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Shaabani, Asiya alitoroka. Alifika Msambweni bila viatu. Mwanatumu alimchemshia maji, akamwogesha kama alivyomwogesha akiwa mdogo, na hapo ndipo alipouona mgongo. Ilikuwa mistari, mingine imekauka, mingine mibichi. Asiya alisema ni waya, ule wa stima, Sefu huukunja mara mbili. Alisema pasipo kulia. Mwanatumu alimpaka mafuta, akatoka nje, akashika ukuta.

Mselem ndiye aliyeshughulika. Alikwenda Likoni na wazee wawili, akamkabili Sefu. Sefu hakukana kupiga. Alisema ni mke wake. Talaka akakataa. Baada ya maneno mengi, na baada ya kuitwa kwa kadhi mjini, alikubali khului, yaani mke ajinunue, arudishe mahari aliyoolewa nayo, naye amwache. Alikubali kwa haya ya watu, si kwa moyo. Kikawekwa kikao.

Mwanatumu aliposikia alimshukuru Mungu kwa kicheko. Kwa mara ya kwanza aliona faida ya vile vyuma: havikuliwa, havikuvaliwa, viko chumbani vyote. Ni kuvibeba tu. Alimwambia Boga hivyo. Boga aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa navyo. Alikaa humo siku ile na siku iliyofuata, na Mwanatumu alipompelekea chakula alimkuta anafunga mita moja moja kwenye magazeti, taratibu, kama anayevika sanda.

"Baba Asiya, usifanye mambo," alimwambia.

"Mambo gani? Si unaniona nafunga?"

Kwa kadhi walikaa Asiya na mama yake upande mmoja, Sefu upande wa pili, Boga na Mselem katikati na vifurushi. Chumba kile kilikuwa na taa ya stima na tundu la kuchomekea waya ukutani. Kadhi alikuwa mtu mpole. Alimuuliza Sefu kama anajua anachokisema, kisha akamwachia aseme.

"Asiya binti Boga," Sefu akasema, "ukinirudishia hapa, sasa hivi, mbele ya Sheikh, mita zangu kumi na mbili na keekee yangu ile ile niliyokuolea, umeachika."

Mita zilifunguliwa, zikahesabiwa, zikawa sawa. Mwanatumu aliushika mkono wa bintiye chini ya buibui. Kisha Boga akafungua kifurushi cha mwisho. Sefu aliipokea keekee, akaigeuza, akaitazama mpini. Akainuka, akachomeka waya ukutani, akabana kidole.

Haikulia.

Akabana tena. Akauchomoa waya.

"Yangu ilikuwa hai," Sefu akasema. "Na ilikuwa na alama ya moto hapa. Hii siyo."

Boga akasema imekufa kwa kukaa, ni hewa ya chumvi, na alama ilitoka kwa kupanguswa. Kadhi akamtaka aape. Boga akaapa. Alisema wallahi, ndiyo hiyo, hana nyingine. Alipokuwa akisema alikuwa akivitazama viatu vyake. Kadhi akamgeukia Asiya, akamwambia: wewe ndiye mwenye mahari, wewe waijua, je, ndiyo hii?

Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi. Pengine lingemfungua, pengine lisingemfungua, kwa kuwa Sefu alishaikana; lakini lilikuwa ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Asiya alimtazama babake. Boga hakuinua macho. Mkono wa Asiya ulichomoka katika mkono wa mama yake.

"Siyo, Sheikh," akasema. "Ile niliibeba mwenyewe. Siyo hii."

Mselem alimshika Boga bega, akamwambia kwa sauti ya chini aseme iliko, wapande basi wakailete, kadhi atawangoja. Boga akasema hakuna nyingine. Mselem akamrudia, akamwita kwa jina la babake. Boga akasema hakuna nyingine. Kadhi akaeleza kwamba Sefu alitundika talaka yake juu ya kitu maalumu, ndani ya kikao maalumu. Kitu hakikutolewa, kikao kimekwisha, neno limeanguka. Anaweza kulisema upya akitaka. Akamuuliza kama anataka.

"Sitaki," Sefu akasema. Alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Nilitoa neno langu nikachezewa. Asiya, inuka twende."

Asiya akainuka.

Wakati wa kurudi, kwenye kivuko, Mwanatumu alisimama mbali na mumewe. Walipofika Msambweni Boga alikwenda msikitini, na Mwanatumu akaingia chumba cha vyuma na kuanza kuitafuta keekee ya mahari, kwa maana iliyokwenda kwa kadhi ilikuwa ile maiti ya jeshi, imeungwa waya mwingine. Alishusha kila kitu. Alipekua chini ya kitanda, ndani ya pipa la maji, kwenye maranda ya karakana. Hakuipata siku ile wala siku iliyofuata. Aliipata alipokwenda kuteremsha mahindi ya kusaga. Ilikuwa kwenye uchaga wa jikoni kwake, juu ya meko yake, imefunikwa na mahindi aliyoyavuna kwa mikono yake, ndani ya gunia lililofungwa kwa fundo la Boga, lile analofungia vitanda. Miaka yote aliyoishi na mwanamume huyu hakupata kumwona akipanda uchagani hata siku ya njaa.

Hakumwambia. Alijifunga, akaiweka keekee kapuni, akapanda basi la asubuhi la kwenda Likoni. Shauri lake lilikuwa dogo: ataiweka miguuni pa Sefu, atamwangukia, atamwambia chukua na nyingine zote, chukua na bati la chumba, ila sema lile neno tena. Barabara ilikuwa ya vumbi. Karibu na daraja la Mwachema basi lao lilisimama pembeni kupisha basi jingine lililotoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Madirisha yalipita karibu na uso wake, moja baada ya moja, na vumbi likafunika, naye akajifunika macho kwa buibui na kulishika kapu vizuri lisianguke.

Likoni alikuta chumba kiko wazi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, hauna kufuli, na ndani hamna kitu. Biasha alitoka kwake akifuta mikono, akamsalimu, akamkalisha, akampa maji kwanza.

"Wameondoka leo hii, dada yangu," akasema. "Sefu amepata kazi Tanga, kwenye ghala la shamba la mkonge. Wamepanda basi la asubuhi."

Mwanatumu akauliza basi la saa ngapi, la njia gani. Njia ya Tanga ilikuwa moja tu, ya Lunga Lunga, njia ya basi lile la vumbi.

"Asiya alisema utakuja," Biasha akaendelea. "Alisema utakuja umebeba. Akaniambia, mwambie mama asiivunje."

Mwanatumu alikaa kizingitini pa chumba kitupu mpaka basi la mwisho. Kuna wakati Biasha alimwekea mkono mgongoni, kuna wakati alimwacha. Aliporudi nyumbani Boga alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshaupanda uchaga. Vumbi la mahindi lilikuwa mabegani mwake.

"Asiya amepelekwa Tanga," Mwanatumu akamwambia.

Boga alikuwa akilitazama kapu.

"Haikuanguka njiani?" akauliza.

Mwanatumu alimpita, akaingia ndani. Hakupiga kelele. Wanawake waliokuja kumpa pole baadaye walimwambia angepiga kelele, angevunja kila kisanduku kwa mchi, na Msambweni nzima ingemwelewa. Kesho yake aliipeleka keekee kwa Mselem Kinondo, akamwomba aiweke amana, imefungiwa, Boga asijue iliko hata harufu yake. Haiwezi kuvunjwa. Siku Sefu atakapolisema neno lile tena, itatakiwa ile ile, yenye alama ya moto, na lazima iwe hai. Kwa hiyo kila mwezi Mwanatumu huenda Kinondo kwa miguu, huifungua, huipangusa, huitia mafuta ya nazi mahali alipoonyeshwa na Thoya ili kutu isiingie. Amejifunza kuitunza kuliko anavyotunza nywele zake. Hakuna kitu anachokichukia zaidi duniani.

Mselem ametuma watu Tanga. Jibu la Sefu ni kwamba asisumbuliwe na habari za keekee, huko aliko zipo mpya tele. Mtu mmoja wa Vanga alimwona Asiya sokoni Tanga, akitembea nyuma ya mumewe, akasalimiwa na asipewe nafasi ya kuitikia. Alisema amekonda.

Boga yupo. Anachonga kidogo, anakaa na mita nyingi, hizo kumi na mbili na nyinginezo; Sefu alizikataa zote siku ile, akasema asiyerudishiwa kamili hapokei nusu. Barazani husema mkwewe ni mwongo, alitafuta sababu ya kutokuacha. Watu humwitikia kwa adabu. Nyumbani, mara moja moja, wanapokula, humuuliza mkewe kama kule iliko hapana unyevu. Mwanatumu humwongeza mchuzi. Kumwacha hawezi, akitoka, Asiya akirudi ataingia kwa nani.

Sefu, aliyeko Tanga, anadaiwa talaka moja. Asiya anaidai, na kila asubuhi anayoamkia nyuma ya kufuli deni hilo lipo. Boga Tsuma wa Msambweni anadaiwa na binti yake mahari yake yote. Anadaiwa na Mungu kafara ya kiapo cha uongo, ambayo hajaifunga wala hajalisha maskini hata mmoja kwa ajili yake. Na anadaiwa na Mwanatumu safari moja ya kwenda mjini, akasimame mbele ya kadhi yule yule na Mselem yule yule, aseme, niliificha mimi. Hajaenda.